Bibi amepata kiharusi: tuwaambie nini watoto?



Nilikuwa na miaka minane, kambini Tanzania, babu yangu alipoanguka na kupooza upande mmoja. Watu wazima walinong'ona kwamba amerogwa. Sisi watoto hatukuambiwa kitu. Asubuhi ile nilikuwa nimekataa kumchotea maji, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mimi ndiye niliyemwangusha.

Ndiyo maana leo, kiharusi kikiingia katika familia ninayoihudumia, huwa nauliza: mtoto mmemwambia nini?

Mwambieni ukweli kwa maneno mafupi. Ubongo huishi kwa damu. Mshipa ukiziba au ukipasuka, sehemu ya ubongo huumia. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na wa kulia huongoza wa kushoto. Kwa hiyo bibi anaweza kupooza upande mmoja tu. Anaweza pia kushindwa kuongea ingawa anaelewa.

Kisha mwambieni mambo matatu. Si kosa lako. Kiharusi hakiambukizi, unaweza kumshika mkono. Na huyu bado ni bibi yako, hata akilia au akikasirika ghafla.

Msiahidi kwamba atapona kesho. Wengi hupata nafuu polepole, kwa mazoezi. Mpeni mtoto kazi ndogo: kuhesabu bibi anapoinua mkono, au kuimba naye. Wapo wasioweza kusema sentensi moja lakini wanaimba wimbo waliouzoea.

Msimfanye mtoto mkalimani hospitalini. Iwe Parkland hapa Dallas, JPS kule Fort Worth au Ben Taub kule Houston, ombeni mkalimani wa Kiswahili. Hamlipi chochote, ni haki yenu kisheria. Habari nzito ya bibi isipitie kwanza mdomoni mwa mtoto.

Lakini kupiga 911 wafundisheni. Uso ukienda upande, mkono ukikataa kuinuka, au maneno yakivurugika ghafla, wapige mara moja, na waangalie saa. Daktari atauliza dalili zilianza lini, kwa sababu kuna dawa inayofaa ndani ya saa chache za mwanzo tu.

Mtoto akikosa usingizi au akinyamaza sana, mwambieni mwalimu wake au mshauri wa shule, na mtupigie simu ofisini. Mimi nilibeba lile la maji peke yangu kwa miaka. Wenu wasibebe peke yao.