Q Isiyo na U: Namna ya Kuyasaka Maneno ya Scrabble

Mchezaji wa Scrabble aliyebaki na Q mkononi, huku U zote nne zimeshalala ubaoni, huwa na sura ya mtu aliyeachiwa deni la ndugu yake. Herufi hiyo ina pointi 10, na mchezo ukiisha hajaitumia, pointi hizo hukatwa kwake na kupewa mwenzake aliyemaliza. Wengi hukata tamaa mapema kwa sababu darasani walifundishwa kwamba katika Kiingereza Q haiendi popote bila U.

Kanuni hiyo waliileta Wanormani. Kabla hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, Waingereza waliandika *cwen* na *cwic*. Ni waandishi waliofuata mtindo wa Kifaransa waliozigeuza zikawa QUEEN na QUICK. Kwa hiyo anayetaka Q isiyo na U aache kupekua Kiingereza cha kale, aende kwenye maneno yaliyoazimwa baadaye, hasa ya Kiarabu. Hapo msomaji wa Kiswahili ana akiba kubwa kuliko anavyodhani. Kadhi anakubalika ubaoni kama QADI, kibla ni QIBLA, talaka ni TALAQ, fakiri ni FAQIR, wakfu ni WAQF na nikabu ni NIQAB. Soko limo kwa umbo la SUQ, na mirungi imo kama QAT. Yote haya yanapatikana katika orodha ya Collins, inayotumika kwenye mashindano ya nchi nyingi nje ya Marekani na Kanada. Aliyepitia madrasa ana nusu ya kazi mkononi. Lililobaki ni kujifunza tahajia ya Kiingereza.

Neno la kukumbuka kuliko yote, hata hivyo, limetoka China: QI, ile nguvu ya uhai inayotajwa katika tiba za Kichina. Ni herufi mbili tu, na huingia pembeni ambako neno refu haliwezi kupenya.

Ugumu na wepesi wa herufi haukupangwa kwa kubahatisha. Aliyeubuni mchezo huu, Alfred Butts, msanifu majengo wa jimbo la New York aliyepoteza kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, alihesabu herufi kwa mkono kwenye kurasa za magazeti, likiwemo The New York Times, kisha akagawa vigae kwa kufuata hesabu hiyo. E zikawa 12. Q, J, X na Z zikapata kigae kimoja kimoja. S alizibana makusudi zikawa nne, maana kila mchezaji angeweza kuibandika mwishoni mwa neno la mwenzake akapata wingi bila jasho. Jina la Scrabble lilikuja baadaye, mwaka 1948, chini ya James Brunot, aliyeutengeneza na kuuza mchezo huo.

Kompyuta husaka maneno kwa ujanja rahisi sana. Hulichukua kila neno la kamusi na kuzipanga herufi zake kwa alfabeti. PARTIES hugeuka AEIPRST. PIRATES nayo vilevile, na TRAIPSE pia. Mchezaji akiingiza herufi zake saba kwa mpangilio wowote, programu huzipanga hivyohivyo, ikafungua droo moja na kukuta maneno yote matatu yamekaa pamoja. Wachezaji wakubwa hufanya zoezi hilohilo kichwani, na ndiyo maana utawaona wakivipanga vigae vyao kwa alfabeti kabla ya kufikiri.

Wengine hutumia shina. Mwenye SATIRE mkononi anasubiri herufi ya saba tu: ikija L anapata REALIST, ikija F ni FAIREST, W inaleta WAITERS, na D inaleta TIRADES. Kumaliza vigae vyote saba kwa mkupuo humwongezea pointi 50.

Mwenye kompyuta ya Linux na faili la maneno hana haja ya kumlipa mtu. Amri ya grep ikipewa q[^u] huleta kila neno ambalo q yake imefuatwa na herufi isiyo u. Lakini kuna mtego: SUQ na TALAQ hazitatokea, kwa kuwa q iko mwishoni na haikufuatwa na kitu. Aandike grep -E 'q([^u]|$)' ndipo zote zitoke. Wengi husahau alama hiyo ya dola, kisha wakailaumu kamusi.

Maneno marefu hupendeza macho, ila si lazima yashinde. Mwaka 2015, huko Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, na Wanigeria walisifika kwa kupendelea maneno mafupi ya herufi nne au tano yanayombana mpinzani. Mwaka huohuo Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa Kifaransa bila kukizungumza. Alikuwa amekariri orodha ya maneno tu. Maana ya neno, kwa mchezo huu, ni ziada.

Kwa anayeanza, basi, orodha ya maneno ya herufi mbili inatosha kwa miezi ya mwanzo. Katika toleo la Collins la 2019 yalikuwa 127. Hakuna hata moja lenye V, na lenye C ni moja tu, CH, ambalo orodha ya Marekani hailikubali. Kwa hiyo kabla mfuko wa vigae haujafunguliwa, wachezaji wakubaliane kwanza ni orodha ipi itakayoamua ubishi.