Mashine ni ya mteja. Ikifia mkononi mwako analipa nani?



Leo naongea zaidi na wale tunaouza huduma mtandaoni, hasa sisi tunaopokea oda za kukata nyasi na kusafisha bustani kupitia WhatsApp na Instagram. Ila hata kama wewe unapika kwenye jiko la mteja au unafua kwa mashine ya mteja, soma mpaka mwisho. Itakuhusu.

Mimi nina duka dogo la vitu vya bustani hapa Dar: mbegu, vyungu, mbolea, mipira ya maji. Kidato cha nne nilimaliza, haya mengine nimejifunza kwa kuumia. Nilipoanza kuposti vitu vya dukani, watu wakawa wanauliza, "Na kukata nyasi unakata?" Nikawa najibu ndiyo. Mashine sikuwa nayo. Nilikuwa na fyekeo, reki na mikono yangu miwili.

Ndiyo maana mteja akiniambia, "Mwanangu, mashine ipo hapa nyumbani, wewe njoo tu," nilikuwa nafurahi kweli kweli. Nilijua hapo sina gharama, naondoka na hela yote.

Mpaka siku moja.

Yule mama alikuwa mteja wangu mzuri. Kazi tulikubaliana 25,000. Nilipofika nikamwamkia, akanionyesha stoo, mashine ya kufyekea ya kuvaa begani ipo, na dumu la petroli liko pembeni. Kijana wa getini akasema, "Mafuta hayo hapo." Nikajaza, nikavuta kamba, ikawaka. Kama dakika 20 hivi ikaanza kupoteza nguvu, ikalia vibaya, ikazima. Nikavuta kamba, haivutiki. Imekamata.

Fundi alipoifungua akauliza swali moja tu: "Oili mlichanganya?" Hakuna aliyechanganya. Kwenye dumu ilikuwa petroli tupu, na mashine ile ilikuwa ya kunywa petroli iliyochanganywa na oili. Pistoni imekwanguka yote.

Mama akasema, "Mimi nilikukabidhi ikiwa nzima." Mimi nikasema, "Mama, mafuta nimeyakuta." Kiukweli wote tulikuwa na hoja. Matengenezo yalikuwa 160,000. Tukagawana nusu kwa nusu, nikalipa 80,000 kwa awamu mbili, hela ya kuongeza mzigo dukani. Yaani kazi ya 25,000 ilinila 80,000. Na yule mama hakunipigia tena, wala majirani zake aliokuwa ananiunganisha nao.

Sasa sikuandiki hapa kumlaumu. Kosa langu lilikuwa hili: niliona mashine ya mteja kama kitu cha bure. Siyo bure. Ukishika kifaa cha mtu, umeshika na lawama yake, hata kama ubovu umeukuta. Kwa hiyo makubaliano kuhusu mashine yanatakiwa yafanyike KABLA hujavuta kamba. Ikishaharibika kila mtu anajitetea.

Hata sheria iko hivyo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mtu aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake mwenyewe. Na mwenye mali naye anatakiwa aseme kasoro anazozijua. Lakini nani kati yetu atakwenda mahakamani kwa ajili ya mashine ya nyasi? Bora tuyamalize kwenye meseji.

Hivi ndivyo ninavyofanya siku hizi.

1. ULIZA MASWALI MANNE KWENYE SIMU

Mteja akisema mashine ipo, usiseme "sawa" haraka. Uliza kwa upole:

- Mara ya mwisho iliwashwa lini?
- Ni ya kusukuma, ya kuvaa begani au ya umeme?
- Mafuta yaliyopo yamenunuliwa lini, na yamechanganywa na oili?
- Kuna kitu chochote inasumbua?

Ukisikia "ina kama miezi sita haijawashwa", jua kwamba petroli iliyokaa muda wote huo imeshachoka, na kabureta inaweza kuwa imeziba. Mwambie mapema kwamba itahitaji mafuta mapya na labda fundi. Usije ukapoteza asubuhi nzima unavuta kamba halafu ukaonekana hujui kazi.

2. KAGUA DAKIKA 10, PIGA PICHA

Ukifika, kagua mteja au mtu wake akiwepo. Piga picha upande wa juu, upande wa kisu na palipovunjika. Ikikubali kuwaka, chukua video fupi ya mlio wake. Huna haja ya kuona aibu. Sema tu, "Mama, napiga picha ili nikirudisha uione iko vilevile." Mimi sijawahi kukutana na mteja aliyekasirikia hilo.

Vya kuangalia:

Mafuta. Hili ndilo lililonimaliza mimi. Kuna injini zinakunywa petroli iliyochanganywa na oili, na kuna zinazokunywa petroli tupu huku oili yake ikiwa na sehemu yake. Usidanganywe na umbo, maana hata za kuvaa begani zipo za aina zote mbili. Angalia kifuniko cha tanki na maandishi ya kwenye mashine. Ukikuta pana sehemu ya pekee ya kujazia oili, mara nyingi na kijiti cha kupimia, hiyo ni ya petroli tupu. Ukikuta kipimo kama 50:1, maana yake lita 1 ya petroli unaweka mililita 20 za oili ya kuchanganyia. Ikiwa 25:1, ni mililita 40. Fuata kilichoandikwa kwenye mashine husika, usikisie.

Oili. Kwa ile yenye kijiti, iweke sehemu tambarare, injini ikiwa imepoa, upime. Oili ikiwa chini ya alama, usiwashe.

Kisu. Kabla hujagusa kisu, chomoa waya wa plagi. Kwa ya umeme, chomoa kwenye soketi. Usiseme "si imezimwa". Angalia kama kisu kimelegea, kimepinda au kina ufa. Kikiwa butu, kitachana nyasi badala ya kukata, na baada ya siku chache ncha zinakauka, bustani inakuwa kama imeungua. Mteja hatasema kisu changu kilikuwa butu. Atasema yule kijana hajui kukata.

Usalama. Mashine nyingi za kusukuma zina kile kishikio cha ziada, ukikiachia injini inazima. Ukikuta kimefungwa na waya au raba ili kisiachie, fungua. Ya begani ukikuta haina kinga ya kisu, usiitumie. Jiwe likiruka likampata mtoto au kioo cha gari, hakuna atakayekumbuka mashine ni ya nani. Viatu vya kufunika mguu na miwani njoo navyo mwenyewe, hivyo siyo vya kuazima.

3. TUMA UJUMBE MMOJA KABLA YA KUANZA

Siyo mkataba wa kurasa kumi. Mimi natuma huu:

"Mama, nimeikagua mashine. Inawaka vizuri ila kisu ni butu na kinga ina ufa kidogo (picha hizo hapo juu). Mafuta nitatumia mapya, yatakuwa ya kwako. Nikiiharibu kwa uzembe wangu, mfano nikigonga jiwe ninaloliona au nikiweka mafuta yasiyo sahihi, nitatengeneza mimi. Ikizima kwa uchakavu wake, fundi ni juu yako, na nitalipwa kwa sehemu niliyokata. Nianze?"

Akijibu "anza", umemaliza. Una maandishi, una picha, una muda uliotumwa. Kwa mteja asiyetumia WhatsApp, mwambie kwa mdomo mbele ya mtu mwingine wa pale nyumbani.

Angalia ujumbe unavyosema pande zote mbili. Ukiandika wa kujilinda wewe tu, mteja atahisi unamtega. Ukikubali na sehemu yako, anakuamini.

4. BEI: PUNGUZA GHARAMA, USIPUNGUZE UTU WAKO

Hapa wengi tunaliwa. Mteja anasema, "Mashine yangu, mafuta yangu, sasa 40,000 ya nini?" Na wewe unashuka mpaka 15,000.

Chukua mfano huu, namba zake weka za kwako. Kazi ya 40,000 nikija na mashine yangu:

- Petroli na oili: 6,000
- Usafiri wa kubeba mashine: 5,000
- Uchakavu wa mashine na kisu: 4,000
- Nguvu yangu, ujuzi na muda: 25,000

Akitoa mashine na mafuta yeye, nampunguzia hiyo 15,000 ya juu. Inabaki 25,000. Hiyo 25,000 haiguswi, kwa sababu jua ni lilelile na mgongo ni uleule. Na mashine yake ikiwa butu, kazi ya saa mbili inakuwa ya saa nne, kwa hiyo namwambia wazi: kisu kikinolewa ni 25,000, kisiponolewa ni 35,000. Wengi wanachagua kunoa. Na ukiwa na duka kama mimi, kunoa kisu na kuuza oili sahihi ni biashara nyingine hiyo.

5. MASHINE IKIGOMA KATIKATI YA KAZI, ACHA

Usiifungue hata kama unajua ufundi. Ukishika spana tu, ubovu wote unakuwa wako. Zima, piga video, mpigie mwenyewe: "Mama, mashine imepoteza nguvu, nimeizima isiharibike zaidi. Nimalizie kwa fyekeo au tusubiri fundi?"

Mimi siku ile nilisikia mlio umebadilika nikaendelea kukaza, nikisema nimalize kale kakona. Ningezima mapema labda pistoni ingepona.

Na usiitese. Nyasi zikiwa zimefika magoti, usiingie na mashine ya kusukuma. Punguza kwanza kwa fyekeo, okota mawe, chupa na waya. Kanuni ya kawaida ni usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, hiyo inasaidia nyasi na injini pia. Na nyasi zikiwa zimelowa, subiri zikauke.

6. RUDISHA KWA HESHIMA

Iache ipoe. Chomoa waya wa plagi, toa nyasi zilizoganda chini. Ukiilaza, upande wa kabureta na chujio la hewa uwe juu, la sivyo oili inaingia kusikotakiwa. Usimwagie maji injini ya moto. Piga picha ya mwisho, mkabidhi mwenyewe, siyo kuiacha kibarazani. Ukiona kitu kinakaribia kufa mwambie: "Mama, plagi imechoka, mwezi ujao tubadilishe." Hapo ndipo mteja anakuwa wa kudumu.

SASA, KUNA FAIDA?

Zipo. Huna mtaji wa mashine, unaanza leo. Hubebi chuma kwenye bodaboda. Na mashine inayobaki nyumba moja haihamishi mbegu za magugu kutoka bustani ya huyu kwenda ya yule. Mimi mashine yangu nimenunua kwa hela ya kazi nilizofanya kwa mashine za watu, na mpaka leo nina wateja watatu ambao natumia za kwao.

Ila kuna siku ninakataa. Kinga hakuna na mteja hataki nisubiri, nakataa. Mashine ya umeme yenye waya uliochubuka, nakataa. Mwenyewe hayupo na hakuna wa kuikagua naye, nasema narudi kesho. Kukosa 25,000 siku moja kunauma, lakini kulipa 80,000 huku mteja amekukimbia kunauma zaidi. Nimeonja, najua.

Kwa wenzangu wa kazi nyingine ni hivyohivyo. Unayepika kwenye jiko la mteja, washa plate zote mbele yake kwanza. Unayefua kwa mashine yake, angalia mpira wa mlango na picha upige.

Ukitaka ule ujumbe wangu, unakili hapo juu uweke kazi yako. Na wewe uliyewahi kuharibikiwa na kifaa cha mteja, andika hapo chini mlimalizanaje, tujifunze wote.

Kazi njema.