Sura ya Sita: Bati Hupigwa Picha, Sakafu Haipigwi

Kila ninapoitwa kuzungumza na watu wanaotaka kuchangia nyumba za familia zisizo na makazi, swali la kwanza huwa bei ya bati. Kikundi cha kanisa, jumuiya ya msikiti, wafanyakazi waliochangishana mwisho wa mwaka: wote wameshapiga hesabu ya mabati kabla hawajajua nyumba itasimama kwenye kiwanja cha nani. Na hata bati lenyewe hawalijui. Wananunua geji 32 wakidhani namba kubwa ndiyo bati nene, kumbe ni kinyume chake. Geji 28 ndiyo nene, na geji 32 hujikunja upepo wa kwanza wa kusi. Basi sura hii itashuka chini badala ya kupanda juu. Nitaanza na ardhi, nifuate msingi, nipite sakafuni haraka, kisha nimalizie na namna ya kuchagua shirika la kulisaidia.

Lakini kabla ya ardhi, tuondoe picha ya mama aliyelala barazani mwa duka na watoto wake. Wapo kweli, lakini familia nyingi zisizo na makazi katika miji yetu hazionekani barabarani. Zimebanana kwenye chumba cha shemeji. Zinahama kila kodi ya miezi sita inapokwisha. Zinalinda pagala la mtu aliyeko ng'ambo, zimening'iniza turubai pale ambapo dirisha lilikusudiwa, na siku mwenye pagala akipata hela ya kupaua, mlinzi anaambiwa atoe vyombo vyake. Shirika linalotafuta walengwa barabarani peke yake litawakosa karibu wote hawa.

Dhana nyingine, ngumu zaidi kufa, ni kwamba shirika jema hugawa nyumba bure. Nikisema familia hulipia, watu hunikodolea macho kana kwamba nimesema yatima atozwe nauli ya kwenda kuzika. Lakini hivyo ndivyo mpango maarufu kuliko yote ulivyoanza. Millard Fuller, wakili tajiri wa Alabama aliyeamua kugawa mali yake, alikutana na Clarence Jordan, msomi wa Biblia na mkulima, kwenye shamba la Koinonia huko Georgia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaanza kujenga nyumba za kuuzwa bila faida na bila riba. Mwaka 1973 Fuller na mkewe Linda walihamia Mbandaka, nchini Zaire, wakaujaribu mpango huo kando ya mto Kongo kwa miaka mitatu. Waliporudi kwao, mwaka 1976, wakaanzisha Habitat for Humanity. Jimmy Carter, ambaye wengi humdhania kuwa mwanzilishi, alijiunga nao na nyundo yake mwaka 1984. Mwenye nyumba hutoa jasho lake kwenye ujenzi, na fedha anazorejesha kidogo kidogo ndizo zinazomjengea familia inayofuata. Kwa hiyo mchango wako haujengi nyumba moja ukaishia hapo, unazunguka.

Wapo wasioweza kulipa chochote: bibi anayelea wajukuu, mtu mwenye ulemavu asiye na ndugu. Hao wapewe, na shirika liseme wazi kwamba limewapa. Ninachokataa ni kuwahesabu maskini wote kuwa hawawezi kitu. Nairobi, katika kijiji cha Kambi Moto pale Huruma, wanachama wa Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, waliweka akiba, wakahesabu nyumba zao wenyewe, wakazipima kwa futi. Kabla ya kumwaga zege walisimamisha nyumba ya mfano ya mbao na vitambaa, ya ukubwa ule ule wa nyumba halisi, ili kila mama aingie, ageuke, aone kitanda kitakaa wapi na ngazi itampiga kichwa au la. Viwanja vyao vilikuwa vidogo mno, hivyo nyumba zikapanda juu: unaanza na chumba cha chini na ngazi, ghorofa unaongeza ukipata. Wasanifu wengi wanaolipwa vizuri hawajawahi kuwapa wateja wao nafasi ya kutembea ndani ya ramani namna hiyo.

Sasa ardhi. Tetemeko la Haiti la mwaka 2010 lilikusanya michango mikubwa mno. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani peke yake lilipata karibu dola milioni 500. Mwaka 2015 waandishi wa habari wa uchunguzi waliripoti kwamba nyumba za kudumu lilizojenga kutokana na fedha hizo ni sita. Kila ninapoitaja habari hiyo, mtu huruka na kusema, "Si unaona, wamekula!" Shirika lilijitetea kwamba fedha nyingi zilikwenda kwenye huduma nyingine na makazi ya muda, na ubishi wa matumizi sitaufungua hapa. Mimi natazama sababu moja iliyotolewa ambayo fundi yeyote wa hapa kwetu anaielewa: haikujulikana ardhi ni ya nani. Huwezi kumjengea mtu nyumba juu ya ugomvi.

Hata ardhi ikijulikana, mahali pake pana neno. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi, serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya Dar es Salaam. Wako waliojenga na kutulia. Wako pia waliorudi bondeni, na wakaitwa wakaidi. Mtu anayeuza chapati alfajiri Kariakoo ukimpeleka mahali ambapo nauli inakula faida yote, umempa kiwanja na umemnyang'anya kazi. Linganisha na waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari: baadhi yao, kupitia vikundi vya akiba vya shirikisho la maskini wa mijini na shirika la CCI, walinunua kwa pamoja eka 30 Chamazi na kufyatua wenyewe matofali ya kufungamana. Walichagua wao waende wapi na wakae na nani.

Kuhusu hati nitasema moja tu. Jina liwe la mume na mke, wote wawili. Mume akifa wakati karatasi ina jina lake pekee, shemeji hufika na ukoo nyuma yake kabla ya arobaini, na nyumba uliyoichangia inarudi kuwa mali ya watu ambao hawakuwa na shida ya nyumba.

Kwenye msingi ndipo ninapoishiwa subira. Ukuta wa nyumba ya msaada ukipasuka, watu hawamwiti fundi, wanamwita mganga. Utasikia kiwanja kilikuwa makaburi, utasikia zindiko halikufanywa, utasikia kitu cha bure kina mkosi. Mzee mmoja alinishika mkono akaniambia kwa upole, "Fundi, hapa pana wenyewe." Nikamwambia, "Wapo, mzee wangu. Ni maji ya bafu la jirani." Bomba lilikuwa limetoboka na lilikuwa linamwaga miguuni mwa ukuta. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Upande mmoja wa nyumba ulikuwa unanyanyuliwa na upande mwingine umebaki pale pale, ndiyo maana ufa ulitoka kwenye kona ya dirisha ukaenda mshazari. Jini hana sababu ya kuanzia kwenye kona ya dirisha kila mara. Ukuta unayo, kwa sababu pale ndipo ulipo dhaifu. Dawa yake inajulikana: ondoa udongo huo au uchimbe mpaka uuvuke, jaza moramu na kushindilia kwa tabaka, funga mkanda wa nondo chini na juu ya madirisha, na zungushia ukuta kibaraza cha zege ili maji ya mvua yaende mbali. Nimeona bajeti yenye fungu la tambiko na isiyo na fungu la kupima udongo.

Sakafu niliipangia aya moja, lakini sitaweza kujizuia.

Mwaka 2000 jimbo la Coahuila, kaskazini mwa Mexico, lilianza mpango ulioitwa Piso Firme. Hawakujenga nyumba. Lori la zege lilipita mitaani, likamwaga zege kwenye vyumba vilivyokuwa na sakafu ya udongo, hadi mita za mraba 50 kwa kila nyumba, na wenye nyumba wakalisawazisha wenyewe. Gharama ilikuwa kama dola 150 kwa familia. Kilichofanya mpango huu ujulikane duniani ni mpaka. Mji wa Torreón uko Coahuila. Miji ya Gómez Palacio na Lerdo imegusana nao lakini iko jimbo la Durango, ambako lori halikufika. Watu ni wale wale na hali ya hewa ni ile ile. Wachumi waliolinganisha pande hizo mbili walikadiria kwamba katika nyumba iliyotoka kwenye udongo mtupu ikaingia zege kamili, minyoo kwa watoto ilipungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Hata sonona waliyoripoti akina mama ilipungua. Sijui dawa nyingine ya dola 150 inayokaa nyumbani miaka ishirini na haihitaji kumezwa.

Sababu si ya ajabu. Mtoto anayetambaa anaishi sakafuni. Mayai ya minyoo hukaa kwenye vumbi ambalo ufagio hulihamisha tu kutoka kona hii kwenda ile. Na funza, wanaotesa familia kutoka pwani ya Kenya hadi Busoga, huzaliana humo humo: jike hujichimbia kwenye mguu, mayai yake hudondoka, na watoto wake hukulia kwenye vumbi la chumba cha kulala. Bado utasikia kwamba ukoo fulani una funza kwa sababu ya laana, na wale wanaojiona wameelimika watakuambia ni uvivu. Kisha inaandaliwa siku ya kuosha watoto miguu kwenye beseni mbele ya kamera, na jioni watoto hao wanarudi kulala juu ya vumbi lile lile. Laana hiyo inaondolewa kwa saruji.

Lakini sakafu si kumwaga zege juu ya udongo na kuondoka. Futa kwanza udongo wa juu wenye mizizi. Jaza kifusi safi kwa tabaka za sentimita 15, mwagia maji, shindilia, kisha tabaka jingine. Hapa ndipo wizi mwingi hufanyika, kwa kuwa kifusi kisichoshindiliwa hakionekani mpaka sakafu inapobonyea baada ya masika mawili. Panga mawe, ziba matundu kwa mchanga, tandika nailoni nzito ili unyevu usipande, ndipo umwage jamvi la zege, usakafie juu yake na kupiga niru. Baada ya hapo mwagilia maji kwa siku saba. Zege haligandi kwa kukauka; hugandishwa na maji yenyewe, na likinyimwa maji mapema hubaki vumbi linalochubuka chini ya ufagio.

Asiyeweza saruji ana njia nyingine. Rwanda, shirika la EarthEnable hutengeneza sakafu ya changarawe, mchanga na udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, inayopakwa mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa gamba gumu linalopigwa deki. Bei yake iko chini ya zege. Wahisani wangapi wamewahi kuulizia kitu hicho? Wanachouliza ni nyumba zinazochapishwa na mashine. Malawi, mwaka 2021, kuta za nyumba zilisimama kwa saa 12, na picha zikazunguka dunia. Sawa, ila kuta hazijawahi kuwa tatizo letu. Mafundi wawili na wasaidizi wao wanakusimamishia kuta za vyumba viwili kwa siku chache. Mashine hiyo haiandiki hati, haichimbi choo na haishindilii kifusi. Waliogeukia makontena ya chuma siwajibu. Wakalale ndani ya moja Januari, saa nane mchana, Dar es Salaam.

Kwa hiyo shirika linalokarabati nyumba kumi lisidharauliwe mbele ya linalojenga moja. Unapochagua shirika, uliza lilipataje familia. Kule Mtwara, watafiti waliojenga nyumba 110 za ghorofa zenye kuta za wavu, ili kupima kama nyumba yenyewe inaweza kumkinga mtoto na magonjwa, waliwapata wakazi kwa bahati nasibu ya hadharani. Kila mtu aliona karatasi ikitoka. Orodha inayotoka mfukoni mwa kiongozi wa mtaa itakuwa na mpwa wake. Uliza pia kuhusu mshahara wa msimamizi wa ujenzi, na usifurahi ukiambiwa hakuna. Mradi usiolipa mtu wa kukaa pale kifusi kinaposhindiliwa utalipa mara mbili. Na usipeleke saruji badala ya fedha ukidhani umekwepa wizi: mifuko ikikaa miezi mitatu chini kwenye stoo yenye unyevu, utakuta mawe.

Siku ya kukabidhi ikigongana na zile siku saba za maji, isogezwe siku ya kukabidhi, au hotuba zifanyike uani. Kukibaki fedha, msinipigie kuuliza rangi ya ukuta. Pitieni nyumba za jirani zenye vumbi ndani. Chumba cha mita nne kwa tatu, jamvi la sentimita saba na nusu na sakafu juu yake, hula mifuko minane hivi ya saruji, bila kuhesabu mchanga, kokoto na fundi.