Seli Iliyokufa, Picha Inayosema Kweli

Kila kitabu cha biolojia cha sekondari kina mchoro wa mitokondria: kifuko chenye umbo la harage, utando wa nje umenyooka, wa ndani umejikunja mara nyingi. Hadubini ya kawaida ya mwanga, ambayo haitofautishi vitu vilivyokaribiana kuliko nanomita 200 hivi, haiwezi kuionyesha mikunjo hiyo. Iliyoifichua ni hadubini ya elektroni, chombo kilichoanzishwa Berlin mwaka 1931 na Ernst Ruska na Max Knoll. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, George Palade huko New York na Fritiof Sjöstrand huko Stockholm walipiga picha za ndani ya mitokondria, na mchoro wa vitabuni ukatokana na kazi hiyo.

Mwenye shaka ana hoja nzito. Seli iliyomo pichani ilikwisha kufa: imelowekwa katika kemikali, imeondolewa maji, imejazwa plastiki ikawa ngumu, imekatwa vipande vyembamba visivyofika nanomita 100, ikatiwa metali nzito. Tutajuaje kwamba tunachokiona hakikuletwa na maandalizi yenyewe? Hofu hiyo imewahi kuthibitika. Kwa miaka mingi wanasayansi walieleza viungo vya bakteria walivyoviita mesosomu, wakavipa na kazi. Katika miaka ya 1970 ikabainika kwamba ni mikunjo iliyosababishwa na kemikali za kuhifadhia.

Hata hivyo, kosa hilo lilifichuliwa na hadubini ileile. Bakteria walipogandishwa ghafla badala ya kulowekwa, mesosomu zilitoweka. Mikunjo ya mitokondria ilipopitishwa katika mtihani kama huo, ilibaki. Mbinu ya kugandisha maji kwa kasi yasipate kufanya fuwele, iliyomletea Jacques Dubochet sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2017, imeionyesha tena bila kemikali wala rangi. Kilichorekebishwa ni umbo lake: katika miaka ya 1990, picha zilizopigwa kutoka pembe nyingi na kuunganishwa na kompyuta zilionyesha kwamba mikunjo mingi hufunguka kwa shingo nyembamba, si kwa mdomo mpana kama ilivyochorwa. Si jambo dogo, kwa maana kwenye mikunjo hiyo ndiko seli inakotengenezea sehemu kubwa ya nishati yake, na wembamba wa mlango huathiri kinachoingia na kutoka.

Kwa hiyo picha haistahili kuaminiwa kwa sababu tu ni kali. Mwalimu anayeuchora mchoro huo ubaoni awaeleze wanafunzi pia jinsi sampuli ilivyoandaliwa, kisha awazoeze kuuliza: njia nyingine ya maandalizi imeonyesha nini?