Utangulizi: Kuusoma Mji wa Pangani

Anayetaka kuujua utamaduni wa Waswahili huelekezwa haraka Lamu, Kilwa au Unguja. Miji hiyo inastahili sifa zake. Hata hivyo, kwa anayeanza taaluma hii, namshauri ashuke Tanga, apande basi la kusini hadi Pangani. Mji ni mdogo, unatembeleka kwa asubuhi moja, na mambo makuu ya historia ya pwani yamo humo.

Aanze na mto. Maji yake huteremka kutoka Kilimanjaro na Meru, na bonde lake ndilo lililoifanya Pangani kuwa mlango wa misafara ya pembe za ndovu katika karne ya 19. Ukivuka kwa kivuko kwenda Bweni, macho yatafurahia mikoko na minazi ya ukingoni. Lakini bonde hilohilo lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Mtafiti asiisifu mandhari akawasahau walioitolea jasho.

Kisha atazame nyumba za kale. Atafute ukuta uliobanduka lipu: ataona mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa na, juu yake, boriti za mikoko zilizobeba dari. Fundi hakuweza kukipanua chumba kupita urefu wa boriti yake, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba. Msitu wa mikoko ndio uliopima nyumba ya tajiri.

Nyaraka nazo zina mahali pake. Agosti 1888, Emil von Zelewski alifika kuisimamisha mamlaka ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na wenyeji wakamkatalia. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza vita vilivyofuata, akanyongwa hapohapo Pangani Desemba 1889. Habari hizi zimo katika taarifa za Wajerumani, lakini zimo pia katika utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Asomaye upande mmoja tu amesoma nusu ya kesi.

Basi, msomaji, karibu katika taaluma hii, ila usiridhike na vitabu peke yake. Nenda Pangani na daftari lako, keti barazani, uwaamkie wazee kwanza. Maswali yatafuata baadaye.