Je, Wajua? Homa ya mafua ina dawa yake, lakini haisubiri

Je, wajua kwamba amoksilini unayonunua duka la dawa kila ukipata mafua haigusi kirusi hata kimoja? Antibiotiki hupambana na bakteria. Homa ya mafua, ile influenza inayomlaza mtu mzima kitandani kwa siku kadhaa, huletwa na virusi, na virusi vina dawa zao.

Je, wajua kwamba inayojulikana zaidi kati ya hizo, oseltamivir, iliidhinishwa Marekani mwaka 1999 kwa jina la Tamiflu? Mtu mzima humeza kapsuli ya miligramu 75 asubuhi na nyingine jioni, kwa siku 5.

Je, wajua namna inavyofanya kazi? Kirusi huingia ndani ya seli za njia ya hewa na kuzaliana humo. Virusi vipya vinapotoka hunasa kwenye ngozi ya seli, na kila kimoja hutumia kimeng'enya chake kama mkasi ili kijikate kiende zake. Oseltamivir huuziba mkasi huo. Virusi hubaki pale pale, visiweze kuvamia seli nyingine. Ndiyo sababu madaktari husisitiza dawa ianze ndani ya saa 48 tangu dalili za kwanza: virusi vikishatapakaa, faida yake hupungua sana. Hata hivyo, mgonjwa aliyezidiwa na kulazwa huweza kuanzishiwa hata baada ya muda huo.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi malighafi yake, asidi ya shikimiki, ilitolewa kwenye kiungo cha jikoni? Ni lile tunda kavu lenye umbo la nyota linalolimwa kusini mwa China. Hofu ya mafua ya ndege ilipopanda mwaka 2005, serikali nyingi zikakimbilia kuweka akiba ya dawa hii, na kiungo hicho kikagombaniwa. Leo asidi hiyo hutengenezwa pia kwa kutumia bakteria. Lakini usidanganyike: kuchemsha kiungo hicho na kunywa maji yake hakukupi oseltamivir.

Je, wajua kwamba uwezo wake una mpaka? Watafiti wa Cochrane, mtandao unaochambua majaribio ya tiba, walidai ripoti kamili za majaribio kwa miaka kadhaa kabla ya kupewa. Mwaka 2014 walitangaza kwamba kwa watu wazima dawa ilifupisha dalili kutoka siku 7 hadi 6.3. Ni haki ya mgonjwa kuambiwa ukweli huo. Kijana mwenye afya njema mara nyingi hupona bila dawa hii. Wa kuwahishwa ni mjamzito, mtoto mchanga, mzee, na mwenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo.

Je, wajua kwamba ipo dawa ya mafua inayomezwa mara moja tu? Ni baloxavir, iliyoidhinishwa kwanza Japani mwaka 2018. Usiimeze na maziwa, kwa kuwa kalisi huipunguza nguvu.

Je, wajua kwamba dawa ya UVIKO-19 iitwayo Paxlovid ina ndani yake ritonavir, ambayo watu wanaoishi na VVU wameitumia kwa miaka mingi? Humo kazi yake ni kulizuia ini lisivunje haraka dawa ya pili, nirmatrelvir. Tatizo ni kwamba ini huacha pia kuvunja dawa nyingine, zikiwemo baadhi za moyo, kolesteroli na kifafa, nazo zikajaa mwilini hadi kudhuru.

Basi ukiwa miongoni mwa walio hatarini, homa ikikupanda ghafla na kikohozi na maumivu ya mwili, fika kituo cha afya siku hiyo hiyo. Beba dawa zote unazotumia, hata za mitishamba, umwonyeshe daktari kabla hajakuandikia kidonge chochote.