Tabibu Si Kadhi
Sehemu ya Pili: Yampasayo Mgonjwa Kumwambia Daktari

Katika sehemu ya kwanza tulieleza namna kileo, bangi na unga vifanyavyo kazi mwilini, leo twaingia katika swali ambalo wagonjwa wengi wa Njombe na Makambako hulijibu kwa haraka na bila ukweli, nalo ni lile aulizalo daktari huku kalamu i mkononi: "Unatumia kilevi chochote?"

Sababu za kuficha hazina ugumu wa kufahamika. Bangi na unga ni haramu kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na katika miji ambayo muuguzi aghalabu ni jirani wa shangazi yako au mwimbaji mwenzako wa kwaya, mtu huona afadhali maradhi kuliko fedheha. Wapo pia wajibuo "hapana" pasipo nia ya kudanganya, kwa kuwa ulanzi, hasa mtogwa mtamu uliogemwa asubuhi, hawauhesabu kuwa ni pombe, ijapokuwa ukilazwa huchachuka ukawa mkangafu wa kumwangusha mtu mzima.

Natutazame mfano. Mkulima anywaye kila siku msimu mzima wa ulanzi aanguka na bodaboda, avunjika paja, alazwa. Akiulizwa, asema hatumii kitu. Usiku wa tatu mikono yamtetemeka, jasho lamtiririka ilhali wodi ina baridi, naye aanza kupangusa shukani wadudu wasioonekana na mtu mwingine. Ndugu zake wanong'onezana kwamba karogwa, na asubuhi waomba ruhusa wampeleke kwa mganga. Hakurogwa. Mwili uliozoea kileo kingi, ukinyimwa ghafla, huweza kuingia katika fadhaa hiyo, aghalabu baina ya siku ya pili na ya nne, na fadhaa yenyewe huua. Lau daktari angalijua tangu siku ya kwanza, angalimwangalia kwa makini, akampa daiazepamu na vitamini B1 kabla mambo hayajaharibika.

Fauka ya hayo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 uliuweka mkoa wa Njombe mbele ya mikoa yote kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima, na VVU na kifua kikuu ni maradhi yaandamanayo. Isoniazidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huweza kulidhuru ini, na pombe huizidisha hatari hiyo. Rifampisini nayo hulifanya ini liivunje methadoni upesi kuliko kawaida. Basi mtu aliyeacha unga kwa msaada wa methadoni, tiba iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na baadaye ikafika Mbeya, akianzishiwa rifampisini na daktari asiyejua habari zake, hurudiwa na arosto, yaani mateso ya kukosa unga, akadhani methadoni imekwisha nguvu, akaurudia unga. Daktari ajuaye hurekebisha kipimo, na shari hiyo ikaepukwa. Hali kadhalika katika upasuaji: mtu wa unga huhitaji mpango mwingine wa dawa za maumivu, na dawa ya usingizi juu ya unga ungali mwilini yaweza kuikatiza pumzi.

Ama hofu ya siri kutoka, Tamko la Geneva la mwaka 1948, kama lilivyorekebishwa mwaka 1968, ambalo ni kiapo cha matabibu ulimwenguni, lamfunga daktari kuihifadhi siri ya mgonjwa hata baada ya mgonjwa kufa. Daktari hakuulizi ili akuhukumu, bali apate kujua dawa gani itakufaa na ipi itakudhuru. Nao madaktari na wauguzi wana wajibu wao: swali hili lisiulizwe kwa sauti mbele ya benchi la wangojao, wala jibu lisipokelewe kwa karipio, kwani aliyekaripiwa leo kesho atanyamaza.

Basi, ewe msomaji, ukiingia chumba cha daktari omba faragha, hata kama umesindikizwa na mzazi au mwenzi wako, kisha sema mambo manne: watumia nini, kiasi gani, kwa njia gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Usipunguze kwa haya wala usizidishe. Dawa atakayoandikiwa mtu uliyemsingizia kuwa ndiye wewe, utakayeimeza ni wewe.

(Itaendelea)